Uadilifu wa Mtawala na Ulinzi wa Sheria: Fikra za Kale za China na Somo la Butiama

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ya siasa ni lile linalouliza kama utawala mwema hutokana na wema wa mtu anayetawala, au hutokana na ubora wa sheria na taasisi anazozikuta na kuziacha. Katika China swali hilo lilijadiliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tangu zama za Confucius katika karne ya 6 K.K. hadi zama za Huang Zongxi katika karne ya 17, na kila kizazi cha wanazuoni kililirithi pamoja na majeraha ya kizazi kilichotangulia. Katika Tanzania swali hilohilo limejadiliwa kwa muda mfupi zaidi lakini kwa uzito uleule, na sehemu kubwa ya mjadala huo inafungamana na Rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama, katika Mkoa wa Mara, tarehe 13 Aprili 1922, na kuzikwa hapohapo mwezi Oktoba 1999. Insha hii inaweka mijadala hiyo miwili pamoja ili kutetea hoja moja: kwamba uadilifu wa kiongozi ni sharti la utawala mwema, lakini uadilifu usiolindwa na sheria, na usioruhusu kukosolewa, huondoka na mwenye nao na kuwaacha wananchi mikono mitupu.

Ni lazima kwanza kuondoa dhana moja inayoweza kumpotosha msomaji. Uhusiano wa Tanzania na China ulikuwa wa karibu tangu miaka ya mwanzo ya uhuru: Nyerere alizuru China mwezi Februari 1965, Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania mwezi Juni mwaka huohuo, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Hata hivyo, China aliyoizuru Nyerere ilikuwa China ya Mao Zedong, ambayo haikumtukuza Confucius. Kinyume chake, katika miaka ya 1973 na 1974 chama tawala kiliendesha kampeni ya nchi nzima ya kumlaani Confucius kama mtetezi wa mabwana wa kale. Kilichomvutia Nyerere huko kilikuwa zaidi nidhamu ya kazi na maisha ya kubana matumizi, na mizizi ya fikra zake mwenyewe ilikuwa mahali pengine, yaani katika maisha ya Wazanaki waliomlea, katika imani ya Kikatoliki aliyobatiziwa mwaka 1943, na katika vitabu alivyovisoma Makerere na Edinburgh. Kwa hiyo ulinganisho unaofanywa hapa hauhusu mwanafunzi na mwalimu wake. Unahusu jamii mbili zilizokutana na tatizo moja, kila moja kwa wakati wake na kwa zana zake.

Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 K.K. katika dola ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong, alikulia katika wakati ambapo mamlaka ya wafalme wa Zhou yalikuwa yamebaki jina tu, huku mabwana wa dola ndogondogo wakipigana na kusalitiana. Jibu lake kwa vurugu hizo halikuwa kuongeza askari wala adhabu, bali kumrekebisha kwanza yule anayeshika madaraka. Sifa kuu ya mtawala aliiita *de*, yaani nguvu ya kimaadili inayowafanya watu wamfuate mtu kwa hiari kwa sababu wanauona mwenendo wake. Sifa hiyo aliifungamanisha na *ren*, yaani utu, ule moyo wa kumtendea mwenzako kama vile ungependa kutendewa, na pia na *li*, yaani adabu, desturi na taratibu za ibada zinazomfundisha kila mtu, kuanzia mfalme hadi mkulima, wajibu na mipaka ya nafasi yake. Kwa maoni yake, watu wanaotawaliwa kwa amri na adhabu peke yake hujifunza kukwepa mkono wa dola bila kuona haya, ilhali wanaoongozwa kwa mfano mwema hujenga haya ndani ya nafsi zao na kujirekebisha bila kusukumwa. Alifundisha pia kwamba dola inasimama juu ya mambo matatu, yaani chakula, ulinzi na imani ya wananchi kwa viongozi wao, na kwamba imani hiyo ndiyo ya mwisho kuachwa, kwa kuwa pasipo imani hakuna dola.

Mafundisho hayo yalijengwa juu ya msingi wa kidini uliokuwa wa kale hata kwa Confucius. Ukoo wa Zhou ulipouangusha ukoo wa Shang katika karne ya 11 K.K., ulieleza ushindi wake kwa fundisho la *tianming*, yaani agizo la Mbingu, ambalo lilisema kwamba Mbingu humpa mtawala haki ya kutawala kwa sharti la kutenda haki, na kwamba ikimwona amepotoka humnyang'anya haki hiyo na kumpa mwingine. Ukame, mafuriko na njaa vilihesabiwa kuwa maonyo. Masimulizi ya kale yanamtaja Tang, mwanzilishi wa ukoo wa Shang, kuwa wakati wa ukame wa miaka mingi alijitoa mwenyewe kuwa sadaka, akiomba makosa ya watu yahesabiwe juu yake, na mvua ikanyesha. Fundisho hilo halikumpa mwananchi kura wala bunge, lakini lilipanda wazo kwamba cheo cha juu kuliko vyote ni dhamana inayoweza kurudishwa.

Wazo la namna hiyo halikuwa geni katika nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, pale ambapo Wajita, Wakwaya, Waruri na Waregi, wazungumzaji wa lugha ambazo wanaisimu wameziweka katika kundi moja la Suguti, wamepakana na Wazanaki, Waikizu na majirani wao wengine katika wilaya za leo za Musoma, Bunda na Butiama. Eneo hili halikuwa na dola kubwa kama zile za magharibi ya ziwa. Mambo ya jamii yaliendeshwa na koo, na kwa Wazanaki na jirani zao pia na marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa au kukua pamoja na kupanda ngazi za wajibu kwa pamoja. Penye mtemi, mamlaka yake yalishikamana na mvua. Masimulizi ya Waikizu yanamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na uwezo wa kuleta mvua, kuwa chanzo cha utemi wao, na ni dhahiri kwamba mtu ambaye utawala wake unapimwa kwa mvua hawezi kujificha nyuma ya cheo pale mashamba yanapokauka. Mtemi wa aina hii hakuwa na jeshi la kudumu wala magereza, aliishi kati ya wazee ambao ridhaa yao aliihitaji, na heshima aliyopewa ilitegemea manufaa ambayo watu waliyaona kwa macho yao.

Ukoloni ulikata uhusiano huo. Nyerere Burito, baba yake Julius, aliwekwa na utawala wa Wajerumani kuwa chifu wa Wazanaki mwaka 1915, na Waingereza waliofuata wakamthibitisha, hivyo akashika nafasi hiyo hadi alipofariki mwaka 1942. Hapana sababu ya kumlaumu mzee huyo binafsi. Jambo la kuzingatia ni kwamba chini ya mfumo huo chifu yeyote, awe mwema au mkatili, aliwajibika kwa ofisa wa wilaya aliyekusanya kodi kupitia kwake, na si kwa wazee na marika waliokuwa na uwezo wa kumnyima ridhaa. Kwa lugha ya Wachina wa kale, agizo halikutoka tena Mbinguni wala kwa watu, bali lilitoka katika ofisi. Ni jambo lenye uzito mkubwa, basi, kwamba mtoto wa chifu ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi wakati serikali ya Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, akiacha jamaa zake na heshima ya jina bila madaraka ya dola.

Kama Confucius aliweka uzito juu ya tabia ya mtawala, mfuasi wake Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 3 K.K., aliweka uzito juu ya hali ya maisha ya wanaotawaliwa. Mencius alipanga thamani za kisiasa kwa namna iliyowashtua wafalme wengi: watu kwanza, kisha madhabahu ya ardhi na nafaka ambayo ndiyo alama ya dola, na mfalme mwisho. Alishikilia kwamba mtu asiye na njia ya uhakika ya kujipatia riziki hawezi kutarajiwa kuwa na moyo thabiti katika wema, na kwamba mtawala anayewaacha watu wake wafe njaa na kisha kuwaadhibu kwa wizi amewatega mwenyewe. Hakuishia kwenye lawama, kwani alipendekeza mpango wa ardhi ulioitwa *jingtian*, ambapo eneo hugawanywa viwanja tisa, familia nane zikilima kila moja kiwanja chake na zote kwa pamoja zikilima kiwanja cha katikati kwa ajili ya umma. Na kuhusu mtawala dhalimu alisema jambo zito zaidi, kwamba anayeangamiza utu na haki amekwisha kujivua ufalme, hivyo anayemwondoa hajamuua mfalme bali ameondoa mhalifu.

Msomaji wa Kitanzania hawezi kuusoma mpango huo wa viwanja tisa bila kufikiria shamba la kijiji chini ya siasa ya Ujamaa ya Nyerere, ambalo lililimwa na wote pembeni ya mashamba ya kila kaya. Nyerere naye aliamini kwamba maadili ya kisiasa hayawezi kutenganishwa na riziki, na kwamba hakuna usawa wa kweli pale wachache wanapoishi kwa jasho la wengi. Tofauti ilijitokeza katika njia ya kufikia lengo. Katika miaka ya 1960 Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilikuwa kimeonyesha kwamba wakulima wanaweza kujenga vijiji vya pamoja kwa hiari na kuamua mambo yao wenyewe, lakini mwezi Septemba 1969 TANU, chama tawala, ilikivunja chama hicho, kwa kuwa kilikuwa kimejiendesha nje ya uongozi wake. Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kukageuzwa kuwa amri, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Vijiji, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu katika mikoa mingi, Mara ikiwemo, walihamishwa, mara nyingine nyumba zao zikibomolewa ili wasirudi.

Hapa ndipo inapofaa kumsikiliza Laozi, ambaye jina lake limeambatanishwa na kitabu cha *Daodejing* na mkondo wa fikra uitwao Utao. Fundisho lake la *wuwei* haliamuru uvivu, bali humtaka mtawala asilazimishe mambo kwenda kinyume cha mwendo wake wa asili, na humhesabu kuwa bora yule ambaye, kazi inapokamilika, watu husema wameifanya wenyewe. Alilinganisha kutawala nchi kubwa na kupika samaki wadogo, na mkazi wa ufukwe wa Musoma anaelewa mara moja kwamba samaki wa namna hiyo akigeuzwageuzwa jikoni husambaratika. Operesheni Vijiji iliongozwa na kiongozi mwadilifu asiyejitafutia mali, ikiwa na nia njema ya kuwafikishia watu shule, maji na zahanati, na bado iliwaumiza wengi. Hivyo inathibitisha kwamba wema wa nia ya mtawala hautoshi kuwa kipimo cha wema wa utawala wake.

Wanazuoni wa China walioitwa wanasheria, wakiongozwa katika kumbukumbu ya vizazi na Shang Yang aliyeuawa mwaka 338 K.K. na Han Fei aliyefia gerezani mwaka 233 K.K., waliichukua hoja hiyo na kuipeleka mbali zaidi. Han Fei hakusema kwamba watawala wema hawapo. Alisema kwamba wao, kama walivyo madhalimu wakubwa, hutokea mara chache mno, na kwamba nchi nyingi kwa miaka mingi hutawaliwa na watu wa kawaida ambao si watakatifu wala si mashetani. Kwa hiyo dola inayongoja mtakatifu itaangamia ikingoja, na kinachohitajika ni *fa*, yaani sheria zilizoandikwa na kutangazwa kwa wote, pamoja na *shu*, yaani mbinu za kuwapima watumishi kwa kulinganisha kazi waliyoahidi na kazi waliyoitenda. Hoja hiyo ina nguvu ambayo hakuna mwanafalsafa wa maadili anayeweza kuipuuza. Udhaifu wake ulidhihirika katika dola ya Qin, iliyoziunganisha dola zote za China mwaka 221 K.K. kwa kufuata mafundisho hayo na ikaanguka katika muda wa miaka 15 hivi, kwa kuwa sheria zake zilikuwa chombo cha mfalme cha kuwabana watu, na hapakuwa na sheria iliyombana mfalme mwenyewe.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linaweza kusomwa kama jaribio la kuziunganisha njia hizo mbili, na hapo ndipo ulipo umuhimu wake wa kifalsafa. Sehemu yake iliyohusu uongozi haikuridhika na kuwahubiria viongozi wawe wema. Iliweka masharti yanayopimika. Kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha, na masharti hayo yalimhusu mume na mke pia ili mali isihamishiwe upande wa pili wa kitanda. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaongeza upande wa mwenendo, ukimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Yale ambayo Confucius aliyatarajia kutokana na malezi ya nafsi, Tanzania iliyaandika kama kanuni ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kumwonyesha kiongozi wake kwa kidole.

Swali lililobaki lilikuwa ni nani angeilinda kanuni hiyo, na katika kulijibu kuna misimamo miwili ya Kichina inayostahili kuwekwa ana kwa ana. Xunzi, mfuasi wa Confucius wa karne ya 3 K.K., ambaye aliamini kwamba binadamu huzaliwa na tamaa na hufanywa mwema kwa elimu, alishikilia kwamba sheria haziwezi kujiendesha, na kwamba kinacholeta mpangilio ni watu wanaojua kuzitumia. Huang Zongxi, aliyezaliwa mwaka 1610, aligeuza mpangilio huo. Baba yake alifia gerezani mwaka 1626 kwa kuwapinga wakuu wa kasri walioihodhi serikali, ukoo wa Ming aliouhudumia ukaanguka mwaka 1644, na mwaka 1663 akakamilisha kitabu ambacho ndani yake aliwashutumu wafalme kwa kuifanya nchi yote kuwa mali ya familia zao. Sheria zilizotungwa ili kulinda mali ya ukoo wa mfalme, alieleza, hazistahili kuitwa sheria, na ni lazima ziwepo kwanza sheria njema ndipo wapatikane watu wema wa kutawala, kwa sababu sheria mbovu huwafunga mikono hata walio wema. Alitaka cheo cha waziri mkuu, ambacho mwanzilishi wa ukoo wa Ming alikifuta mwaka 1380, kirudishwe ili kumzuia mfalme, na alitaka shule ziwe mahali ambapo mfalme huketi na kusikia mema na mabaya ya utawala wake yakisemwa waziwazi.

Historia ya Tanzania imempa Huang Zongxi ushahidi. Nyerere aling'atuka urais mwezi Novemba 1985 kwa hiari yake, jambo lililokuwa nadra barani Afrika wakati huo, na mwaka 1990 akaacha pia uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), mrithi wa TANU. Mwezi Februari 1991, kabla ya mwaka mmoja kutimia, Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, hivyo hisa, ukurugenzi, mishahara zaidi ya mmoja na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Hakukuwa na kura ya wananchi wala mjadala mpana wa umma. Kanuni iliyodhaniwa kuwa imekita mizizi ilikuwa imeegemea, kwa kiwango ambacho wengi hawakukitambua, juu ya uzito wa mtu mmoja. Mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13, inayosimamiwa na Sekretarieti iliyowekwa na ibara ya 132 ya Katiba, ambayo inawataka viongozi watangaze mali na madeni yao. Hatua hiyo ina thamani, kwa kuwa imeyaweka maadili chini ya sheria ya nchi badala ya azimio la chama. Hata hivyo kanuni ya 1967 ilimkataza kiongozi kujilimbikizia, na sheria ya 1995 humtaka zaidi aeleze alichonacho, na kati ya makatazo hayo na maelezo hayo pana umbali mkubwa wa kimaadili.

Upo udhaifu mwingine ambao fikra za China na fikra za Ujamaa zinashirikiana, nao unatokana na nguvu yao. Zote mbili zilijenga siasa juu ya mfano wa familia: kwa Confucius, utiifu wa mwana kwa baba ulikuwa shule ya kwanza ya utiifu kwa dola, na kwa Nyerere, ukunjufu wa familia ya Kiafrika inayogawana chakula na kazi ulikuwa msingi wa taifa zima. Familia hufundisha kujali, lakini haifundishi kwa urahisi namna ya kumpinga mkubwa bila kuhesabiwa mkosefu wa adabu. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kudai kwamba viongozi nao wanalipwa mno, Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na papo hapo akawafukuza chuoni wanafunzi wapatao 400. Tendo la kwanza Confucius angelisifu bila kusita. Tendo la pili linaonyesha kwamba kiongozi anaweza kuikubali hoja ya wanaomkosoa na bado asivumilie kukosolewa.

Wachina waliutambua mwanya huo mapema, wakauwekea taasisi. Kukosoa wakubwa kulihesabiwa kuwa wajibu wa mtumishi mwaminifu, na serikali ilikuwa na ofisi ya wakaguzi waliopewa kazi ya kuwachunguza maofisa na kumkumbusha mfalme makosa yake. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Hai Rui, ambaye mwaka 1566 alimwandikia mfalme Jiajing waraka wa kumlaumu kwa kuitelekeza nchi, akiwa amekwisha kununua jeneza lake. Alifungwa na kuachiwa tu baada ya mfalme kufa. Kumbukumbu yake ilikuwa hai kiasi kwamba shambulio la magazeti dhidi ya mchezo wa kuigiza uliomhusu, mwezi Novemba 1965, lilikuwa miongoni mwa matukio yaliyofungua Mapinduzi ya Utamaduni. Tanzania nayo, ilipojigeuza kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1965, iliweka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ili mwananchi aliyeonewa na ofisa apate pa kulalamikia. Waswahili husema mkubwa ni jalala, wakimaanisha kwamba anayeshika uongozi hana budi kupokea manung'uniko ya wote, na tume hiyo iliupa msemo huo ofisi. Lakini kama wakaguzi wa China, iliripoti kwa mkuu yuleyule ambaye serikali yake ilichunguzwa, na uamuzi wa mwisho ulibaki mikononi mwake. Nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa sheria ya mwaka 2001.

Mji wa Musoma wenyewe umeipa jina sura nyingine ya mjadala huu. China ilichagua watumishi wake kwa mitihani ya dola tangu karne ya 7 hadi ilipoifuta mwaka 1905, kwa imani kwamba mtoto wa mkulima mwenye elimu anastahili madaraka kuliko mtoto wa bwana asiye na elimu. Lakini karne zilivyopita ikaonekana kwamba mtihani humpima mtu kumbukumbu na mtindo wa kuandika, na hauwezi kuupima moyo wake. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974, pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza na kupata ushahidi wa mwenendo wao kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa kuzuia elimu isizae tabaka la wanaojiona bora kuliko wakulima waliowasomesha. Hata hivyo, ushahidi wa mwenendo hutolewa na wakubwa, na anayehitaji sifa njema kutoka kwa mkubwa hujifunza upesi kunyamaza. Mtihani haupimi tabia, na ushahidi wa tabia hauna kinga dhidi ya upendeleo. Hapana njia ya kuchagua viongozi inayoondoa haja ya kuwasimamia baada ya kuchaguliwa.

Uzito wa mambo haya leo si wa kihistoria tu. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, zikifundisha hasa lugha, na mwezi Februari 2022 ilifunguliwa huko Kibaha, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, inayohudumia vyama sita vilivyoongoza ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika, CCM kikiwa kimojawapo. Majina ya Confucius na Nyerere, ambayo hayakuwahi kukutana katika uhai wa wenyewe, sasa yanasikika katika mazingira yaleyale. Ni wajibu wa wanaofundisha na wanaofundishwa kukumbuka kwamba fikra za China si sauti moja inayohimiza utiifu, bali ni mabishano marefu ambayo ndani yake Mencius anahalalisha kuondolewa kwa dhalimu, Laozi anaonya dhidi ya amri nyingi, na Huang Zongxi anaitaka shule iwe mahali pa kumkosoa mtawala. Anayechukua Confucius na kuwaacha hao amechukua nusu ya urithi. Vivyo hivyo, anayemsifu Nyerere kwa unyenyekevu wa maisha yake, na kusahau kwamba yeye mwenyewe alikiri hadharani kuwa Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta, ameheshimu mtu na kupuuza onyo lake.

Onyo hilo linahusu ngazi zote, na ngazi ya chini kabisa ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono ya wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambapo halmashauri ya kijiji hutakiwa kueleza mapato na matumizi. Katika kijiji chochote cha bonde la Suguti, hukohuko mashariki ya Ziwa Viktoria, mkutano huo unaweza kuunganisha mambo matatu ambayo China iliyatafuta kwa karne nyingi: kiongozi ambaye jirani zake wanaujua mwenendo wake, sheria inayomtaka atoe hesabu, na haki ya mwananchi kusimama na kusema kwamba hesabu hiyo haikubaliki. Mkutano usipoitishwa, au ukiitishwa watu wakaogopa kuuliza, mambo hayo matatu hupotea kwa pamoja, na kijiji hubaki kikiomba kipate mtu mwema. Kuomba hivyo si kosa, lakini taifa lililozaa kiongozi wa kiwango cha Nyerere, na bado likaona kanuni zake zikiondolewa katika kikao kimoja, lina sababu ya kutosha ya kuacha kutegemea bahati ya kumpata mwingine na badala yake kuulinda uadilifu kwa sheria ambazo wananchi wenyewe wanazijua, wanazidai na wanazitumia.